Mifuko ya Mize

Arobaini ya mume wa Mize ilipokwisha, shemeji yake Haroub alichukua boti ya marehemu, na vazi la kuzamia akamtupia Mize mlangoni. "Boti si ya mwanamke. Chukua hili ulie nalo."

Mize hakulia. Alikata tyubu kuukuu ya tairi, akaishona kwa mshipi wa kuvulia mapajani na tumboni mwa lile vazi, ikawa mifuko mipana yenye vifuniko. Kila sindano ilipotoboa alilitaja jina la Haroub. Asiye na boti hubeba mzigo mwilini.

Juma zima aliogelea hadi kwenye mwamba aliougundua mumewe, akawazoa majongoo wa bahari, wenye bei kubwa sokoni, mpaka wakaisha. Siku ya mwisho Haroub akaja na boti peke yake, akamkuta hapo, mifuko imetuna. Mize akashika ubavu wa boti.

"Usijisumbue, shemeji. Chini umebaki mchanga."

"Mwongo mkubwa!" Haroub akavaa miwani na kujitosa, bila hata kuzima mashine.

Mize akajivuta na mzigo wake wote, akapanda. Akaushika usukani, akaielekeza boti nyumbani, huku akitazama vipovu vya pumzi ya shemejiye vikipasuka juu ya maji, kimoja kimoja.