Shimo la Ngiri

Kalunguyeye alivushwa mto mdomoni mwa mama yake, macho yake yakiwa bado hayajafumbuka. Alikulia ng'ambo hii, akasoma hadi akawashinda wenzake wote. Siku ya kuingia shule ya juu, bawabu Ngiri, aliyejaa kiburi, akamzuia mlangoni.

"Asiyezaliwa katika shimo la nchi hii hasomi hapa. Rudi kwenu."

"Kwetu ni hapa, mzee," akajibu Kalunguyeye. "Huko unakonirudisha sikujui hata kwa ndoto. Na wewe, shimo unalolala alilichimba nani?"

Ngiri akakohoa. Kila mnyama alijua kwamba ngiri hachimbi, hulala katika mashimo ya wenzake. Mwalimu Mhanga akatoka darasani, kucha zake zimejaa udongo.

"Nililichimba mimi," akasema. "Alikuja mvua inanyesha, akaingia. Sikumwuliza alikozaliwa."

Ngiri akainamisha kichwa, lakini hakuondoka mlangoni. Kalunguyeye hakungoja ruhusa yake. Aliwageukia watoto wengine waliotoka ng'ambo ile ya mto, waliofukuzwa jana yake na sasa wamesimama nje ya ua.

"Njooni," akawaambia. "Somo limeshaanza."

Wakampita Ngiri mmoja mmoja, wakaenda kuketi.