Nyota Moja

Igoki alimtupia Njoka kamba yake ya kupandia miti na kumwambia asikanyage tena bomani kwake.

"Umeniuza, Njoka. Wengine wote sawa, lakini si wewe!"

Njoka aliitazama kamba pale miguuni. Tangu kaka yake, mume wa Igoki, afariki, ni yeye aliyepanda kila mti wenye mzinga, na ni yeye aliyeumwa na nyuki kwa niaba ya familia nzima. "Mama Marcella, nimekuuza wapi?"

Igoki akamsogezea simu hadi puani. Katika soko la mtandaoni, kwenye duka lake la Asali Safi Kiambere, katikati ya sifa za wateja wa Nairobi na Nakuru, mtu alikuwa ameweka nyota moja na kuandika: *Hii si asali ya Kiambere. Mimi nimelelewa na asali ya Kiambere. Huyu muuzaji ni mwongo.*

Jina halikuwepo. Soko lile, lililosafirisha mizigo lenyewe, liliita kila mnunuzi "Mteja" tu, na muuzaji alijulikana kwa jina la duka, basi.

"Hayo ni maneno ya mtu wa hapa," Igoki alisema. "Ni nani mwingine anajua mambo yangu?"

"Na mimi simu yangu ni mulika mwizi, ya tochi tu, haina mtandao. Hiyo nyota ningeiweka na nini?"

"Kuna watu wa kukuandikia."

Njoka aliokota kamba, akaanza kuikunja polepole. "Mama Marcella, mizinga imekauka tangu mvua ipotee, na wewe bado unauza tu. Hata mimi nashangaa. Lakini kushangaa si kuandika."

"Mungu hutoa. Nenda!"

Akaenda bila kuaga, mtu ambaye hajawahi kuondoka pale bila kuaga.

Lile neno moja likazaa mengine. Wateja waliokuwa wakilamba vidole jana, leo walianza kulamba kwa makini. Mmoja akaandika kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu zamani. Maagizo yakapungua, kisha ujumbe ukaingia kutoka kwa wenye soko: asipopatana na mlalamishi, duka litafungwa.

Na duka ndilo lililomweka Marcella, mwanawe wa pekee, katika chuo cha uuguzi kule Meru. Marcella mwenyewe hakujua habari za duka. Aliambiwa karo inatoka kwa mbuzi, akaridhika. Igoki aliona heri iwe hivyo, kwa maana msichana huyo alikuwa na maswali mengi tangu utotoni.

Uchungu ulimkaa Igoki kifuani, akawa anamtazama kila mtu kama ndiye. Alimshuku Mbaka, jirani mwenye mizinga ng'ambo ya korongo, akaacha kumwamkia. Hata alipokwenda kuchukua sukari kwa Abdiwahab pale sokoni, alimkazia macho.

"Gunia lingine, mama?" Abdiwahab alicheka. "Hiyo chai ya kanisa lenu ni tamu kweli!"

"Waumini wameongezeka," alijibu. "Na wewe, huwa unaingia kwa hayo masoko ya simu?"

"Mimi? Nauza sukari, mama. Asali inanihusu nini?"

Igoki alilipia gunia. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akainama kukagua kibuyu kilichofichwa uvunguni. Humo mlikuwa na asali ya mwisho ya mizinga yake, ile nyeusi inayokwaruza koo kidogo. Hiyo haikuwa ya kuuzwa. Marcella alikuwa amepiga simu mwezi uliopita, akilalamika kwamba baridi ya Kinoru, huko chuoni Meru, imemwangusha na kwamba anatamani kijiko kimoja tu. Igoki alimwambia avumilie hadi likizo, ataikuta ikimngoja. Kibuyu hakikufaa kutumwa kwa bodaboda, kingevunjika njiani.

Kisha ikaja habari njema. Wenye soko walitangaza kwamba, ili kuwe na uwazi, kuanzia Ijumaa kila mtu ataonekana kwa jina lake halisi na picha yake, mnunuzi na muuzaji pia. Wafanyabiashara wengi walipiga kelele. Igoki alipiga magoti, akashukuru. Sasa mnafiki atavuliwa nguo hadharani! Alijiona tayari ameketi mbele ya wazee wa kanisa, simu mkononi, Njoka akikosa pa kutazama.

Ijumaa asubuhi alijifunga kile kitambaa cha Jumapili, kwa sababu alikuwa na nia ya kutoka pale moja kwa moja hadi kwa wazee. Akafungua duka. Jina lake lilikuwa juu kabisa, na picha yake, amesimama kando ya mzinga, anatabasamu. Alijiona amependeza.

Akateremsha kidole hadi kwenye ile nyota moja. Chini yake mnunuzi alikuwa ameongeza maneno usiku uliopita, kabla ya majina kufunguliwa: *Nilikuwa mgonjwa, nikaona jina la nyumbani, nikaagiza. Hii ni sukari iliyochemshwa. Mama yangu hurina asali huko huko Kiambere, na angekufa njaa kabla ya kumuuzia mtu kitu kama hiki.*

Picha ilichelewa. Mtandao wa Kiambere ni wa kubembelezwa, na Igoki aliubembeleza, akainyanyua simu juu, akatoka nayo hadi uwanjani. Ikaanza kufunguka kutoka juu: kofia nyeupe ya wauguzi, kisha macho, kisha ule mwanya wa meno aliourithi kwake.

Neno jipya likaingia chini ya nyota, limeandikwa dakika hiyo hiyo.

*Mama?*