Simama Dede

Sheria inasema mtoto asianguke. Kila mmoja huvishwa mshipi unaomdaka kabla hajagusa sakafu, na hauvuliwi mpaka awe mtu mzima. Wa Siwema wangu nimeuvua leo asubuhi.

"Dede, mwanangu! Simama dede!"

Akasimama, akayumba, akaanguka pwaa kwa matako. Akalia weee, kisha akashika mguu wa meza, akainuka.

Mara afisa wa mishipi huyo mlangoni, kijana aliyevuliwa wake juzijuzi tu.

"Mama, mvishe sasa hivi!"

"Simvishi. Kama wewe mwanamume, ingia umvishe."

Akaingia kwa hasira, akajikwaa kizingitini, akaanguka kifudifudi. Akabaki hapohapo, akingoja kuinuliwa.

Siwema akaiachia meza, akampigia makofi.

"Dede!"