Kitufe cha Kidole Gumba

Mchora ramani alikuwa hatulii. Alizunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea tangu apatwe na kiharusi. Kwenye kiti chake alikaa mdogo wake wa kiume, akiandika amri kwenye skrini nyeusi ya kompyuta yake ya Linux.

"Unajisumbua bure," dada mtu alimwambia. "Jioni kule ofisini wanampa mtu mwingine mchoro wangu wa zahanati."

"Jioni bado, dada. Kazi ya mkono wa kushoto kwenye kibodi tunaihamishia kwenye kipanya. Hivi vitufe vya pembeni si vimekaa tu kama wageni?"

Mdogo wake akajaribu kimoja. Badala ya kutengua kosa, kompyuta ikaufunga mchoro mzima. Dada mtu akacheka kwa uchungu, akaanza kuelekea mlangoni.

"Ngoja! Nimekosea namba ya kitufe." Akasahihisha, akafungua mchoro upya, akainuka. "Njoo ujaribu mwenyewe."

Alikuja shingo upande. Akakishika kipanya kwa mkono wa kulia, akavuta mstari mmoja mbovu kwa makusudi, ukakata chumba cha sindano katikati. Kidole gumba kikakipapasa kitufe, kikakipata, kikasita. Jasho likaacha alama kwenye plastiki.

Akabonyeza.

Mstari ukatoweka.

Akachora mwingine, akaufuta. Akachora wa tatu, na huo akauacha, maana ulikuwa umenyooka.

"Dada?"

"Wapigie simu," alisema bila kugeuka, huku akisogeza kiti mbele. "Waambie zahanati yangu isiguswe."