Mkanda wa Fundi Cherehani

Mkono wa kulia wa fundi cherehani ulikuwa umefungwa kifuani kwa mtandio, na kayaki yake ilizunguka ziwani kama mbwa anayefukuza mkia wake.

"Kaka, Mungu kakupa miwili!" Kocha alimpigia kelele kutoka gatini. "Huo mwingine unamwekea nani?"

Kocha alijua njia moja tu, ile aliyofundishwa: mikono miwili, kasia refu, mgongo wima. Fundi alikuja na zake. Alianza na kasia fupi, likamshinda. Akalibana kasia kwapani, akapinduka, akanywa maji mpaka basi. Leo kaja na mkanda alioushona mwenyewe, wa kupita begani na kulishikilia kasia kifuani.

"Mbona unakubana hivyo? Fundi mzima hujipimi?"

"Vipimo viko sawa."

"Au mmewekeana dau huko kijiweni?"

"Kuna mtu nimemwahidi. Leo nafika kwenye boya na kurudi, kwa mkono huu mmoja. Nikishindwa, hatanisikiliza tena."

"Basi mwambie huyo mtu wako kayaki ni mikono miwili. Mwenye mmoja akae nchi kavu, atupungie!"

Kocha alicheka peke yake. Fundi alitazama pembeni, akasukuma maji.

Safari hii hakutumia nguvu za bega. Alizungusha kiuno, polepole, na kasia likafuata. Kayaki ikayumba, ikajiuliza, ikanyooka. Mkanda ulimkata begani hadi shati likaingia damu. Akalifikia boya. Akalizunguka. Akarudi.

Kocha alijikuta anapiga makofi. "Nimesalimu amri, kaka! Hii hata mimi nifundishe."

Fundi alipanda gatini. Aliufungua mtandio, akauvua ule mkanda, akaukung'uta maji, kisha akauinua juu kuelekea barabarani, kwenye gari lililokuwa likimsubiri pale kila asubuhi, vioo vimepandishwa.

Mlango ukafunguka. Akashuka binti mdogo mwenye sare za shule, macho ni ya fundi yaleyale. Mkono wa kulia wa sweta yake ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa ustadi, karibu kabisa na bega.

Akasimama palepale, nchi kavu, akawapungia.