Verdun Kifuani

Heiner Dippel alikuwa na Verdun kifuani, jina la pigano kubwa la Ufaransa kwenye medali yake, na Verdun hakuwahi kufika. Vita vyote alivipigana mbele ya tanuri, mbali kabisa nyuma ya mizinga, akiwaokea wenzake mikate.

Medali yenyewe ilikuwa halali yake. Chama cha askari wa zamani kilimpa kila mwanachama aliyevaa sare vitani. Balaa lilikuwa kile kipande cha shaba juu ya utepe, chenye jina la pigano. Vipande hivyo mtu aliviagiza mwenyewe, kwa kauli yake na saini ya mwenyekiti. Heiner alikuwa amechoka kuitwa Jenerali Unga. Akaenda kwa mwenyekiti, Valtin Krug, mwenye kiwanda cha mbao.

"Nikuandikie pigano gani?"

"Verdun."

Valtin alimtazama kidogo, akatia saini. Yeye alikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo wa vita hadi mwisho, na medali yake haikuwa na kipande hata kimoja.

Jumapili ya kwanza Heiner kukivaa, wanaume walitoka kanisani wakaenda kwa Mama Lisbeth kunywa bia kabla ya chakula cha mchana, kama kawaida yao. Valtin alikunywa kahawa, kama kawaida yake. Akaingia mgeni mwembamba, mkono mmoja mfukoni mwa koti. Alitazama vifua kimoja baada ya kingine, akasimama mbele ya Heiner.

"Verdun," alisema. "Ulikuwa na kikosi cha hapa?"

"Cha hapa."

"Basi labda ulikuwa kwenye shamba la Corvelle. Nimepita vijiji vingi nikiwatafuta waliolilinda. Nataka kumnunulia bia japo mmoja wao."

Jupp, shemeji yake Heiner, akaangua kicheko. "Huyu? Huyu alilinda hamira isitoroke!"

Meza nzima ikacheka, kisha ikamgeukia Heiner. Aliyedanganya habari za vita alifutwa chamani. Na nani angenunua tena mkate wake?

"Watu walipopungua, walituchukua hata sisi waokaji," Heiner alisema.

"Leo ndiyo unatuambia?" Jupp aliuliza.

Heiner alimtazama Valtin. Neno moja la Valtin lingetosha kummaliza. Wengine wote pale mezani walipigana Urusi; yeye peke yake alikuwa Ufaransa.

Valtin alikoroga kahawa yake. "Mweleze mgeni, Heiner. Usione haya."

Heiner hakuwa na la kueleza ila kisa kimoja. Siku fulani ya kuchinja nguruwe, mtu mmoja alilewa akamlilia begani nyuma ya banda, akamwaga siri yake yote. Sasa Heiner alikisimulia kama chake. Chumba chini ya nyumba ya shamba. Mlango wa chuma. Askari kijana, tumbo limepasuliwa, anapiga kelele, na Wafaransa wako karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa.

"Tukamshusha chini," Heiner alisema. "Tukafunga."

"Mlango ule haukuwa na kitasa," mgeni alisema taratibu.

Jupp aliweka glasi chini. Heiner alikumbuka vizuri alivyoambiwa.

"Haukuwa nacho. Uliegemezewa gogo, kwa nje."

"Nani aliliweka?"

Heiner aliona macho yote juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake watu kumtazama hivyo.

"Mimi. Wengine hawakuthubutu. Lakini ilibidi mtu aliweke, ama tufe sote."

Mgeni alivuta pumzi ndefu. "Ni kweli," aliwaambia wote. "Gogo lilikuwepo. Huyu bwana alikuwa pale." Akaagiza bia, akalipa, akasubiri mpaka Heiner akaimaliza.

Jupp alivua kofia. "Shemeji, nisamehe. Sitakuita tena lile jina."

Heiner alisimama mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Nyumbani mkewe Käthe alikuwa na nyama ya kuchoma mezani, na leo angeila kama mwanamume. Mgeni akasema anapita njia hiyohiyo, atamsindikiza. Valtin aliwatazama kupitia dirisha mpaka walipoipita kona ya kanisa.

Mbele ya duka la mikate mgeni alisimama.

"Hukuniuliza yule kijana aliitwa nani."

"Nani?" Heiner aliuliza, akitafuta ufunguo.

"Ludwig. Alikuwa mdogo wangu."

Mkono ukatoka mfukoni, na bastola.

Chama kilimzika Heiner kwa heshima zote. Bendera iliinamishwa, bunduki zikalia mara tatu juu ya kaburi, na medali ilitangulia mbele ya jeneza juu ya mto wa kitambaa cheusi, kipande cha Verdun kikiwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

Käthe alipoteza mume. Watoto wake watatu walipoteza baba. Kijiji kilipoteza mwokaji, tanuri likapoa. Mgeni alipoteza kichwa, mahakama ilipomalizana naye. Valtin Krug, aliyeubeba ule mto, hakupoteza kitu. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuchinja nguruwe, aliagiza bia.