Yago la Olweny

Nyakerario alilipima tunda kwa mikono miwili, akalirudisha chini. "Jepesi. Nitafutieni lingine."

Shemeji yake Cephas, aliyetoka Homa Bay kusimamia mazishi, alikuwa amechoka. "Nyar Kisii," alimwita, yaani binti wa Wakisii, "yago ni yago. Tuzike tu."

Wajaluo wana desturi yao: aliyemezwa na ziwa asipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mwegea. Boti ya Olweny ilikutwa tupu nje ya Muhuru Bay, naye hakuonekana tena. Mwaka mzima sasa mkewe Nyakerario kala peke yake, kalala peke yake, kasalimiwa na watu wanaoinamisha macho. Mke si mke, mjane si mjane. Upweke huo, jamani, usimwombee hata adui.

"Wazee watafika Ijumaa," alimwambia Cephas. "Yago likinyauka kabla hawajafika, si ni wewe utakayesema marehemu amekataa kuzikwa? Utaniambia tungoje tena."

Ndivyo hasa Cephas angesema.

Basi Nyakerario akachagua mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa bayolojia, na mambo haya aliyafundisha kila muhula. Shina la mgomba, ambalo wengine huzika badala ya mwili, lina seli zilizoachana, hewa tele katikati. Ukilikata, linalegea upesi. Yago changa lina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na ndani seli zimebanana, kila moja imeshiba maji mpaka ukuta wake umekaza. Alitwaa lisilo na mkwaruzo hata mmoja, akalifunika gunia lililoloweshwa, akaliweka kivulini. Kila asubuhi alilibonyeza kwa kidole. Halikulegea.

"Shemeji, tungemtafuta mara ya mwisho, ng'ambo ya Tanzania," Cephas alisema Alhamisi. "Ni ndugu yangu."

"Nimengoja vya kutosha, shem. Nataka kuzika, nipumzike."

Ijumaa lilizikwa. Wabebaji waliinama kwa uzito wake. Cephas alilia mpaka akashikwa mabega. Nyakerario alitupa udongo wake, macho makavu, na wanawake wakanong'onezana kwamba maskini, machozi yamemwishia.

Waombolezaji walipotawanyika, aliingia ndani, akafunga mlango. Simu ikaita. Aliitazama kwa muda, kisha akaipokea.

"Hapana, Olweny, usirudi," alisema taratibu. "Kaa hukohuko kwa mke wako mpya. Leo tumekuzika."